Kabla Hujashuhudia Kuhusu Ile Chupa



Juzi usiku mmoja wenu alinitumia video kwenye WhatsApp. Mtu amevaa koti jeupe, nyuma yake kuna mitungi ya manjano imepangwa, na anasema dawa yake ya mizizi inamaliza sukari, presha, vidonda vya tumbo na uvimbe. Halafu anainua chupa na kusema, "Imethibitishwa na maabara." Chini ya video mpendwa wangu ameandika: "Pasta, tumpe dakika tano tu Jumapili baada ya matangazo? Ni mtu ameokoka."

Sikumjibu usiku ule. Ninamjibu hapa, kwa sababu tangu mwaka uanze yeye ni wa tatu kuniuliza jambo hilo hilo. Jibu ni hapana. Lakini usikimbie bado, maana sababu yangu pengine si ile unayoifikiria.

Wengi wetu tuliokoka katika makanisa ambamo jani lolote lililochemshwa lilikuwa la mganga, na mganga ni wa shetani, basi. Nakumbuka mama mmoja alitengwa na ushirika kwa sababu alionekana akichimba mizizi nyuma ya boma lake. Mizizi yenyewe ilikuwa ya mtoto mwenye kikohozi! Tulichanganya mambo mawili yasiyofanana. Mtu anayekuambia umerogwa na jirani, umletee kuku mweusi, huyo mkimbie. Lakini shosho wangu aliyekuwa akitupa kipande cha gome la muthiga tutafune meno yakiuma hakuita mzimu wowote. Gome lilikuwa kali kuliko pilipili, machozi yanatoka, na jino linanyamaza kidogo.

Huo mti una habari zake. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na ICIPE pale Nairobi, miongoni mwao Mjapani Koji Nakanishi, walitangaza kwamba ndani ya miti ya jamii ya muthiga kuna kemikali zinazomfanya kiwavi jeshi akatae kula jani. Mojawapo wakaipa jina la mti wenyewe, warburganali, kwa maana kwa lugha ya wataalamu muthiga ni Warburgia. Tangu hapo wengine wameonyesha kwamba kemikali za ukoo huo zinaua kuvu. Kwa hiyo ule ukali ulionitoa machozi utotoni ulikuwa kitu halisi, na Mungu ndiye aliyekiweka pale kabla shosho hajazaliwa.

Na kama bado una wasiwasi, fungua Isaya 38 usome mwenyewe habari za mfalme Hezekia. Alikuwa anakufa, akaomba, akalia, Mungu akamwongezea miaka 15. Nabii angeweza kuishia hapo. Lakini nabii huyo huyo aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Maombi, nabii na tunda, yote katika chumba kimoja cha mgonjwa. Sijaona mahali Mungu alipomkemea Isaya kwa kutumia tini.

Kwa hivyo mimi sina ugomvi na majani. Ugomvi wangu ni na lile neno moja: imethibitishwa.

Niwaambie kitu ambacho wengi wenu hamkijui, maana kilitokea kabla sijawa mchungaji wenu. Mwaka 2011 nilikuwa msaidizi wa pasta katika kanisa lingine, kijana mwenye moto. Mnakumbuka Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, kaskazini mwa Tanzania, alisema Mungu amemwonyesha mti katika ndoto. Kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania, na unywe mara moja tu. Ukimwi, sukari, saratani, pumu, yote yangekwisha. Watu walitoka kila kona ya Afrika Mashariki. Matajiri walifika na helikopta, maskini walifika kwenye malori, na wako waliokufa njiani na kwenye foleni kabla hawajafika kwenye kikombe.

Sisi tulikodisha Nissan ya watu 14. Namanga, Arusha, Mto wa Mbu, halafu vumbi. Tulilala garini kwenye foleni huku tukiimba. Kati yetu kulikuwa na mama mmoja kiongozi wa wamama, mwenye sukari, aliyekuwa akijidunga insulini kila siku. Kikombe kilipomfikia, maji ya rangi kama chai ya strungi, alikishika kwa mikono miwili kama kikombe cha Meza ya Bwana. Nilimwona.

Jumapili iliyofuata nilimpa kipaza sauti. Alisema sukari imekwisha, na kwamba ameshaacha sindano. Kanisa liliruka! Mimi niliruka kuliko wote. Nilimwambia mpiga kinanda arudie wimbo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Mama, umepima?" Kando ya barabara, mkabala na lango la kanisa, kulikuwa na duka la dawa lenye kile kifaa kidogo cha kutoboa kidole. Kupima kungechukua dakika moja.

Wiki ya tatu alizidiwa usiku. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui, na hakuamka. Nilipoenda kuifariji familia, binti yake alifungua friji ili anipe maji ya kunywa, na mle ndani chupa za insulini zilikuwa bado zimepangwa kwenye mlango, hazijaguswa.

Simwandiki hapa yule mzee wa Samunge. Ameshaenda zake, alifariki mwaka 2021, na Mungu ndiye hakimu wake. Kosa ninalolisimulia ni langu. Mimi ndiye niliyempa yule mama kipaza sauti, nikaligeuza tumaini lake kuwa ushuhuda kabla halijapimwa, na baadaye nikasimama mazishini nikasema ni mapenzi ya Mungu. Mpaka leo sentensi hiyo inaniaibisha.

Sasa sikieni jambo ambalo nilikuja kulijua miaka kadhaa baadaye, na likaniuma zaidi. Ule mti wa Loliondo hata haukuwa mgeni. Wasonjo wanauita mugariga. Wakikuyu wanauita mukawa, Wajaluo ochuoga. Wengi wenu mmekula matunda yake meusi mkichunga mbuzi. Na watafiti wa KEMRI, taasisi yetu wenyewe ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979, walikuwa wameshaupeleka maabara. Mwaka 2006, miaka mitano kabla ya safari yetu, Festus Tolo na wenzake walichapisha matokeo. Walikuwa wamechukua mizizi ya mti huo, wakatoa dawa iliyomo, wakaijaribu juu ya virusi vya hepesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni na sehemu za siri. Kwenye seli ndani ya kisahani, dawa ilivizuia virusi. Kwa panya walioambukizwa, ugonjwa ulichelewa, na waliopewa dawa waliishi muda mrefu kuliko wasiopewa.

Hiyo ni habari njema, na ni ya kweli. Wakenya waliuheshimu mti wa mababu zetu kiasi cha kuuuliza maswali. Lakini angalia vizuri jibu la mti lilivyokuwa: hepesi, seli, panya. Hakuna sukari hapo. Hakuna ukimwi. Hakuna binadamu hata mmoja. Na wataalamu wa serikali ya Tanzania walipochukua sampuli ya kikombe wakasema kinywaji hakina sumu, sisi huku tulisikia "kinaponya". Mpendwa, maji ya mto safi pia hayana sumu.

Basi mtu akikuambia dawa yake imethibitishwa na maabara, muulize kwa upole: ilithibitishwa nini hasa? Inawezekana hasemi uongo. Inawezekana alipeleka chupa mahali, wakampa karatasi inayosema haina vijidudu vya kuharisha, na anaipeperusha hiyo karatasi kama cheti cha uponyaji. Au kuna mtu aliyejaribu mmea wa aina hiyo kwenye kisahani. Kwenye kisahani vitu vingi vinaua virusi. Hata Jik inaua virusi vizuri sana, na hakuna anayeinywa.

Safari yenyewe ni ndefu. Kwanza lazima mmea utambuliwe kwa hakika, kwa sababu jina moja la kienyeji linaweza kuwa miti mitatu ukivuka mto mmoja. Ndiyo maana watafiti hukausha tawi na kulihifadhi, kama yale yaliyoko kwenye hifadhi ya mimea pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ili mwingine akitaka kuhakiki ajue ni mti gani ulizungumziwa. Kisha wanatafuta ni kitu gani ndani ya mmea kinachofanya kazi, na kinatoka kwa maji au kwa pombe. Kisha seli. Kisha wanyama, kuona kama figo na ini vinabaki salama. Ndipo binadamu, wachache kwanza halafu wengi, na siku zote kuwe na kundi lingine la kulinganisha nalo, kwa sababu homa nyingi hupona zenyewe na kila aliyekuwa karibu nazo hudai sifa. Dawa nyingi hufia njiani. Zilizofika mwisho ndizo zenye haki ya lile neno.

Kuna zilizofika. Mtoto wako akipata malaria leo, zahanati inampa zile tembe za manjano tunazoziita AL. Nusu ya dawa hiyo asili yake ni mmea, artemisia, wa dawa za kienyeji za Wachina. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na baadaye mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, akapewa kuongoza kikundi cha kupekua vitabu vya kale vya tiba. Walikusanya dawa kama 2,000 zilizoandikwa na wahenga wao. Artemisia ilionekana kufanya kazi leo, na kesho haifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha zaidi ya miaka 1,600, akaona kwamba mwandishi hakusema mmea uchemshwe. Alisema uloweke kwenye maji, kisha ukamue. Hapo akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa! Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo tu, na mwaka 1971 dawa ikasafisha vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wao wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Ninaipenda habari hiyo kwa sababu mbili. Mhenga aliheshimiwa, kitabu chake kilisomwa neno kwa neno. Na bado hakuaminiwa bila kupimwa. Maana hata leo, pamoja na sifa zote hizo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani ya artemisia kutibu malaria. Huwezi kujua kikombe kina dawa kiasi gani, na dawa kidogo inaweza kuwapunguza vimelea bila kuwamaliza, wakarudi wakiwa wamezoea. Ukinywa chai hiyo nyumbani huku mtoto anatetemeka kwa homa, unacheza na kamari.

Nikirudi kwetu sisi tunaoshika kipaza sauti: kuna mchungaji mmoja Mwingereza, Edward Stone, ambaye mwaka 1763 aliwaandikia wanasayansi wa nchi yake barua kuhusu gome la mti wa mwilo. Alilikausha juu ya tanuri la mkate kwa miezi zaidi ya mitatu, akalisaga, akaanza na dozi ndogo sana kwa wagonjwa wa homa, akiongeza polepole. Aliwapa watu kama 50. Na katika barua hiyo aliandika pia kwamba kuna aina za homa ambazo gome halikuzimaliza. Miaka mingi baadaye, utafiti uliofuata njia hiyo ya mwilo ulituletea aspirini.

Soma tena hapo. Mchungaji aliandika na wale ambao hawakupona.

Sisi katika ibada zetu za shuhuda tunawaita mbele waliopona tu. Aliyerudi na maumivu yake anakaa nyuma, kimya, anafikiri hana imani. Aliyekufa hawezi kuja mbele. Kwa hiyo kila mafuta, kila chupa, kila mzizi, ukipitia kwenye madhabahu yetu unaonekana unaponya watu wote. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo tumeifundisha kama habari ya mahakamani, lakini mimi naamini inagusa pia yule jirani mwenye sukari aliyekaa kiti cha tano, anayesikiliza aamue kama kesho asubuhi atajidunga au hatajidunga.

Kuna mtu atasema, "Pasta, lakini ni ya asili, haiwezi kudhuru." Mwarobaini ni wa asili. Tumeupa jina la magonjwa 40. Lakini madaktari wa Malaysia waliandika mwaka 1981 kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake wakapata degedege na kuharibika ini na ubongo. Na sehemu mbalimbali za dunia maabara zimefungua dawa zilizoandikwa "mitishamba tupu" zikakuta ndani zimesagiwa dawa za hospitali kwa siri, mara nyingi zile kali za kupunguza uvimbe. Ndiyo maana goti linanyamaza siku hiyo hiyo. Mgonjwa anadhani ni mzizi. Akiitumia miezi mingi, mifupa na sukari yake ndivyo vitakavyomjibu.

Nisiwaonee waganga wetu wa mitishamba, hasa wale wazee wawili tulio nao hapa kanisani, ambao ninawaheshimu. Mmoja aliniambia haendi maabara kwa sababu wataiba. Sikuwa na la kumbishia. Gome la muiri, ule mti wa misitu ya Mlima Kenya, Mfaransa mmoja alilichukulia hataza mwaka 1966 kwa ajili ya ugonjwa wa tezi dume, gome likauzwa Ulaya kwa tani, na miti ilikatwakatwa mpaka mwaka 1995 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Mzee aliyeujua mti huo tangu utotoni alipata nini? Lakini tangu 2016 tuna sheria hapa Kenya inayolinda maarifa ya jadi. Baba, siri yako ikifa nawe haimsaidii mjukuu wako, na ikiuzwa kwenye mtungi bila kupimwa inaweza kumzika. Nikipata mtu wa KEMRI wa kukaa nawe mezani, mwenye karatasi za makubaliano, nitakuja nikae nawe siku hiyo nzima.

Kwa hivyo wapendwa, katika kanisa hili dawa ya aina yoyote haitatangazwa madhabahuni wala kuuzwa ndani ya lango letu, hata muuzaji akiwa binamu yangu. Ukiponywa sukari, presha au ukimwi, njoo na karatasi ya kipimo kabla sijakupa kipaza sauti. Najua wengine mtasema Pasta amepoa, imani imekwenda likizo. Semeni. Mungu aliyekuponya haogopi kidole kutobolewa, na mimi nitaruka juu kuliko wewe karatasi hiyo ikisomwa.

Na usiache dawa ya daktari kwa sababu ya neno langu au la mtu yeyote mwenye koti jeupe kwenye simu. Ukitaka kuacha, tutaenda pamoja kliniki tukamuulize daktari.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili dada zetu wawili manesi watakaa kwenye chumba cha Shule ya Jumapili wapime presha na sukari, bure. Kama nyumbani una chupa ya mitishamba unayoinywa, ije nayo, pamoja na dawa zako za hospitali, waone kama zinagombana. Hakuna atakayekukemea, wala sitaandika jina lako. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, kidole changu mbele.